Mashine zinavyoambiana hatua: kutoka telegramu hadi UCI

Wiki hii nilikuwa nikisafisha folda za zamani kwenye kompyuta yangu nikakutana na mradi wangu wa mwaka wa nne chuoni: injini ya kucheza sataranji (au chesi, kama wengi wetu tunavyouita mchezo huu) niliyoiandika kwa lugha ya C. Nikacheka. Kisha nikaikumbuka siku ya kuonyesha miradi, nikaacha kucheka.

Injini yenyewe ilikuwa ikicheza vizuri tu kwenye ile skrini nyeusi ya maandishi. Unaandika e2e4, inafikiri kidogo, inakujibu e7e5. Lakini nikaona haya kuwaonyesha wahadhiri herufi tupu, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo nikaiunganisha na programu inayochora ubao wa rangi wenye kete na saa. Sikuijaribu zaidi ya kuona kwamba inafunguka. Asubuhi, mbele ya watu watano, nikasogeza askari wangu. Saa ya injini ikaanza kuhesabu. Ikahesabu, ikahesabu, dakika tano zikaisha, na injini ikashindwa kwa muda bila kugusa kete hata moja. Nikaanzisha upya, mambo yakawa yale yale. Mhadhiri mmoja akaniuliza, kwa upole mbaya sana, kama nina hakika ni mimi niliyeiandika.

Kumbe injini ilikuwa imejibu muda mrefu. Jibu lilikuwa limekwama njiani. Nitaeleza lilikwama wapi, ila kwanza turudi nyuma kidogo, maana njia ile ina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Swali ni hili: programu moja ya mchezo wa ubao inaiambiaje programu nyingine kwamba imecheza? Chukua programu mbili zilizoandikwa na watu wasiojuana, kwa lugha tofauti, moja kwenye Linux na nyingine kwenye Windows. Zinakutania wapi?

Mara ya kwanza zilikutania posta. Mnamo Novemba 22, 1966, yalianza mashindano kati ya programu ya Marekani na ya Urusi ya enzi zile (Muungano wa Kisovieti). Ya Marekani iliandikwa na Alan Kotok na wenzake chuoni MIT chini ya John McCarthy, ambaye wakati wa mashindano alikuwa ameshahamia Stanford, na ilikuwa ikiendeshwa kwenye IBM 7090. Ya Moscow ilitoka taasisi ya fizikia iitwayo ITEP na iliendeshwa kwenye kompyuta ya M-2. Mmoja wa waandishi wake alikuwa Georgy Adelson-Velsky. Kama ulisoma kompyuta chuoni jina hilo limeshakusumbua: ndiye "AV" wa mti wa AVL! Zilichezwa mechi nne kwa wakati mmoja, na hatua zilitumwa kwa telegramu (telegramu ya kweli, si ile app ya kwenye simu yako). Zilichukua kama miezi tisa. Moscow walishinda mbili, nyingine mbili zikatoka sare, yaani 3 kwa 1.

Kilichovuka bahari kila mara kilikuwa herufi na namba chache: kete fulani kutoka mraba huu hadi mraba ule. Upande mmoja haukuhitaji kujua chochote kuhusu mashine ya upande wa pili. Wachezaji wa sataranji walikuwa wameshazoea kuchezeana kwa barua tangu zamani, kwa hiyo lugha ya kuandika hatua ilikuwepo tayari, na kompyuta ziliirithi bure. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo itifaki ya kwanza, na haikubuniwa na mhandisi yeyote.

Kwa miaka mingi baada ya hapo waya wa kuunganisha mashine ulikuwa mtu. Mashindano ya kwanza ya programu za sataranji ya ACM yalifanyika New York mwaka 1970, programu sita, na Chess 3.0 ya chuo cha Northwestern ikashinda. Mashine nyingi zilikuwa kubwa kiasi cha kutobebeka, hivyo zilibaki kwao na ukumbini wakawepo watu wenye mitambo ya kuandikia iliyounganishwa kwa simu. Mtu anasoma hatua, anaisogeza kwenye ubao, mwenzake anaiandika kwenye mashine yake. Kukosea herufi moja kulitosha kuharibu mechi.

Kompyuta za nyumbani zilipoenea tatizo likabadilika. Huko Sweden kuna chama kiitwacho SSDF ambacho wanachama wake wanazichezesha programu zenyewe kwa zenyewe ili kuzipanga kwa nguvu. Kupata kipimo cha maana unahitaji mamia ya mechi, kila mechi saa kadhaa, na mtu amekaa katikati akihamisha hatua kutoka skrini moja hadi nyingine. Kazi ya kumchosha punda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwaustria Chrilly Donninger akatengeneza kitu kinachoitwa Auto232: kompyuta mbili za DOS, kebo moja ya RS-232 katikati, na programu ndogo ya kupeleka hatua huku na huku. Watu wakawasha mechi jioni na kwenda kulala. Lakini ilidai kompyuta mbili, na kila mwandishi wa programu alilazimika kuitengenezea nafasi ndani ya programu yake.

Sasa tufike kwenye paipu, na hapa ndipo panapopendeza. Kwenye Unix programu hupokea maandishi kwa mlango mmoja na kutoa maandishi kwa mlango mwingine, na unaweza kuunganisha mlango wa kutokea wa programu moja na wa kuingilia wa nyingine. Wazo lilikuwa la Doug McIlroy, na aliyelitia ndani ya Unix mwaka 1973 ni Ken Thompson. Huyu huyu Thompson, pamoja na Joe Condon, ndiye aliyetengeneza Belle, mashine iliyokuwa bingwa wa dunia wa sataranji wa kompyuta mwaka 1980. Yaani fundi wa paipu na fundi wa sataranji ni mtu mmoja, ingawa hakuviunganisha viwili hivyo kwa ajili yetu.

Waliounganisha ni watu wa XBoard. Kulikuwa na programu huria, GNU Chess, iliyochezwa kwa maandishi: unaandika hatua kwa kibodi, inakuandikia jibu. Dan Sears na Chris Sears wakaandika XBoard, dirisha lenye ubao wa picha kwa ajili ya mfumo wa X kwenye Unix. Badala ya kuandika upya akili ya mchezo, dirisha hili liliianzisha GNU Chess nyuma ya pazia, likaunganishwa nayo kwa paipu mbili, na likajifanya mtu anayeandika kwenye kibodi. Ukisogeza kete kwa mausi, XBoard inaandika e2e4 na kubonyeza enta. Injini haikujua kwamba hakuna mtu pale!

Tim Mann ndiye aliyeitunza XBoard kwa miaka mingi baadaye, akaipeleka Windows kwa jina la WinBoard, na akaandika waraka wa itifaki yake. Katika waraka huo anakiri waziwazi kwamba hakuna aliyekaa chini akaibuni. Ilikuwa tu yale maneno ambayo GNU Chess ilikuwa ikiwaambia binadamu. Alitaka XBoard mpya iendelee kufanya kazi na GNU Chess za zamani, kwa hiyo hakuisafisha mapema, na hakutarajia kwamba injini nyingine zingekuja kuitumia.

Zikaja. Crafty ya Robert Hyatt, kisha nyingine, kisha makumi. Ukiwa na injini yako na hutaki kuhangaika kuchora ubao, njia rahisi ilikuwa kuifundisha kuigiza GNU Chess. Ndiyo maana itifaki hiyo imejaa vichekesho. Dirisha lilitambua hatua ya injini kwa kutafuta mstari wenye sura hii:

1. ... e7e5

kwa sababu tu GNU Chess ilizoea kuandika hivyo. (Baadaye ikaruhusiwa namna safi zaidi: move e7e5.) Kosa lilitambuliwa kwa maneno "Illegal move" mwanzoni mwa mstari. Amri ya white ilimaanisha kwamba zamu ni ya mweupe na injini icheze... mweusi. Nimeona watu wazima wakipoteza wikendi nzima kwa amri hiyo moja. Na kama injini inafikiri na unataka ikusikilize, XBoard iliitumia ishara ile ile ambayo wewe unaituma ukibonyeza Ctrl na C kukatiza programu, kwa kuwa ndivyo binadamu alivyoikatiza GNU Chess.

Ile ishara ilikuwa jambo la kawaida Unix, lakini kwenye Windows haikuwa na mwenzake wa kweli. Hapa ndipo maneno "inafanya kazi kwenye mifumo yote" yanapoanza kukutoa jasho. Injini inatakiwa kufikiri na papo hapo ichungulie kama kuna ujumbe mpya mlangoni. Unix unachungulia kwa select. Windows ukiwa kwenye skrini nyeusi unachungulia kibodi kwa kbhit, lakini ukiwa umeunganishwa na paipu kbhit haioni kitu, inabidi utumie PeekNamedPipe. Fungua injini nyingi za wakati ule na utakuta kijipande kile kile cha kodi ya kuchungulia, kimenakiliwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Na sasa aibu yangu. Programu ya C ikiandika maandishi, hayatoki moja kwa moja. Yanaingia kwanza kwenye bafa, ambayo unaweza kuifikiria kama ndoo ya kuchotea maji: ni hasara kwenda mtoni kwa kila kikombe. Mlango wa kutokea ukiwa umeelekea skrini, ndoo inamwagwa kila mwisho wa mstari. Ukiwa umeelekea paipu, maktaba ya C inasubiri ndoo ijae, maelfu ya herufi. Hatua moja ya sataranji ni herufi nne! Kwa hiyo injini yangu ilifikiri, ikajibu, ikaweka jibu lake kwenye ndoo, ikakaa kusubiri hatua yangu. Dirisha nalo likakaa kusubiri hatua yake. Wote wawili wakingojana kwa heshima mpaka saa ikaisha. Dawa ni mstari mmoja mwanzoni mwa programu:

setbuf(stdout, NULL);

Waraka wa Tim Mann unaonya kuhusu jambo hili hasa. Uliandikwa kabla sijajua kusoma, na mimi nikaufungua siku moja baada ya kudhalilika.

Upande wa mchezo wa Go mambo yalipita njia nyingine, nitayasema kwa ufupi. Kule walianza na itifaki iliyobuniwa kwa makusudi: Go Modem Protocol ya Bruce Wilcox, kwa ajili ya programu mbili kuchezeana kupitia modemu. Kila ujumbe ni baiti nne, ikiwemo moja ya kuhakiki kwamba laini ya simu haijaharibu kitu. Ni kazi safi ya uhandisi, lakini kuitekeleza ni taabu na huwezi kuijaribu kwa kuandika kwa mkono. Watu wa GNU Go wakachoka. Gunnar Farnebäck akaandika Go Text Protocol, GTP, iliyokuja na GNU Go 3.0, na rasimu ya toleo la pili ilitoka mwaka 2002. Unaandika genmove white, inajibu kwa alama ya = na sehemu ya ubao, kama = D4, kisha mstari mtupu. Kukiwa na kosa inaanza na alama ya kuuliza. Hata KataGo ya leo, yenye mtandao wa neva, inazungumza GTP. Baiti zilishindwa na mistari ya maandishi.

Turudi kwenye sataranji. Novemba 2000 Mjerumani Stefan Meyer-Kahlen, mwandishi wa Shredder, pamoja na Rudolf Huber, mwandishi wa SOS, walitoa itifaki mpya na kuiita UCI. Hii ilibuniwa kutoka mwanzo. Bado ni mistari ya maandishi ndani ya paipu, lakini hakuna tena kujifanya binadamu. Mazungumzo yanakwenda hivi, dirisha likianza:

uci
id name InjiniYangu
option name Hash type spin default 16 min 1 max 1024
uciok
isready
readyok
position startpos moves e2e4 e7e5 g1f3
go wtime 300000 btime 295000
info depth 9 score cp -20 pv b8c6 f1b5
bestmove b8c6

Angalia mstari wa option. Injini inajitambulisha na kutaja vitu vyake vinavyoweza kurekebishwa, aina yake na mipaka yake, na dirisha linachora fomu ya mipangilio bila kuijua injini hiyo hata kidogo. Angalia isready: injini lazima ijibu readyok hata ikiwa katikati ya kufikiri, kwa hiyo dirisha linaweza kutofautisha injini inayofikiri na injini iliyokufa. (Laiti ningeanzia hapa!) Zile Ctrl na C hazipo, kuna neno stop.

Lakini mstari uliozua ugomvi ni ule wa position. Katika itifaki ya XBoard injini inakumbuka mechi. Unaiambia hatua mpya tu, nayo inajua ubao ukoje. Katika UCI, kila zamu dirisha linatuma mechi nzima tangu mwanzo: hali ya kuanzia na hatua zote zilizochezwa. Injini inaweza kusahau kila kitu kati ya zamu moja na nyingine. Hatua zote zinatumwa, badala ya picha ya ubao peke yake, kwa sababu sare ya kurudiarudia haiwezi kujulikana kwa kutazama ubao wa sasa tu.

Kwa mtu wa programu hii ni tofauti kubwa. Kama injini inakumbuka, basi kuna kumbukumbu mbili za mechi moja, ya dirisha na ya injini, na siku zikitofautiana (mtu amerudisha hatua nyuma, au amebadilisha zamu, au amefungua mechi nyingine katikati) una hitilafu ambayo utaitafuta hadi stima ipotee. UCI ikafuta aina hiyo yote ya makosa kwa kukubali kurudia maneno.

Wapinzani hawakuwa wajinga. Kwao injini ni mchezaji, na mchezaji anakumbuka mechi yake, ana kitabu chake cha mwanzo wa mchezo, anaamua mwenyewe kufikiri wakati wa zamu ya mwenzake, anaweza kuomba sare au kukubali kushindwa. XBoard ina amri za mambo hayo yote: offer draw, resign. UCI haina. Katika UCI injini ni kikokotoo: inapewa hali, inatoa hatua bora, basi. Dirisha ndilo linaloshika kitabu, ndilo linaloamua kama injini ifikiri wakati wa mwenzake, na ndilo linaloamua kwamba mechi imeisha. Ukisikia mashindano ya kisasa ambapo mechi inakatwa kuwa sare kwa sababu alama za injini zote mbili zimekaa karibu na sifuri, ujue anayefanya hivyo ni mwendeshaji wa mashindano. Injini zenyewe hazina neno la kulisema hilo.

Nami nakiri kwamba hoja yao naielewa. Kuna kitu kinapotea pale mchezaji anapogeuzwa kikokotoo. Lakini soko halikuwasikiliza. Mwanzoni injini chache tu zilizungumza UCI, mpaka mwaka 2002 kampuni ya ChessBase, wauzaji wa Fritz, walipoanza kuikubali kwenye madirisha yao. Hapo mwandishi yeyote mwenye injini nyumbani aliweza kuiona ikicheza ndani ya dirisha lililouzwa duniani kote, bila kuomba ruhusa ya mtu. XBoard nayo haikufa. Toleo la pili la itifaki yake lilikuwa limeshasafisha mengi kwa amri ya protover 2, ambapo injini inajibu kwa orodha ya mambo inayoyaweza, na baadaye H.G. Muller aliiendeleza. Kati ya kambi hizi mbili Fabien Letouzey, mwandishi wa Fruit, akaweka mkalimani aitwaye PolyGlot: upande mmoja unazungumza XBoard, upande wa pili UCI. Mkalimani huyo analazimika kuikumbuka mechi kwa niaba ya injini isiyokumbuka, na ukisoma kodi yake utaona sehemu kubwa ya kazi ni hiyo.

Mwaka 2008 ikazaliwa Stockfish kutoka kwa Glaurung ya Tord Romstad, nayo ni UCI tupu. Hapa ndipo uamuzi ule wa kutuma mechi nzima ulipolipa kwa namna ambayo sidhani kama mtu aliitarajia mwaka 2000. Kama injini haikumbuki kitu, unaweza kuiua na kuiwasha popote. Tangu 2013 mabadiliko ya Stockfish yanapimwa na fishtest, ambapo watu wa kujitolea duniani kote hukopesha kompyuta zao kucheza maelfu kwa maelfu ya mechi. Kwenye Lichess, Stockfish inaendeshwa ndani ya kivinjari chako: hakuna paipu, hakuna stdin, lakini mistari inayopita kati ya ukurasa na injini ni ile ile, position na go na bestmove. Simu ya Android ikiishiwa na kumbukumbu na mfumo ukaiua injini chinichini, dirisha linaiwasha tena na kuituma mstari mmoja. Leela Chess Zero ilipokuja mwaka 2018 na mtandao wake wa neva, isiyofanana kabisa na programu zilizotangulia, iliingia kwenye madirisha ya zamani siku ile ile kwa sababu ilijua kujibu uciok. Wajapani nao wana USI kwa ajili ya shogi, ambayo Romstad huyo huyo aliitohoa kutoka UCI.

Paipu ina faida nyingine ambayo sisi waandishi wa programu huwa tunaisahau mpaka wanasheria watukumbushe. Stockfish iko chini ya leseni ya GPL. Ukiichanganya ndani ya programu yako, programu yako nzima inafungwa na masharti hayo. Free Software Foundation katika maelezo yao wanasema kwamba programu zinazozungumza kwa paipu kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni programu mbili tofauti. Ndiyo maana dirisha la kuuzwa linaweza kuikaribisha injini huria mlangoni bila kuifungua kodi yake yote. Ile kamba iliyofungwa kwa sababu ya uvivu wa kuandika upya GNU Chess imegeuka kuwa mpaka wa kisheria.

Sasa, kwa nini nilikuwa nikisafisha folda. Nimeanza kuandika injini ya Bao, Bao la Kiswahili lenyewe, la mashimo 32 na kete 64. Watafiti wa Maastricht nchini Uholanzi walishaandika kanuni za Bao la Zanzibar kwa ajili ya kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo sianzi gizani. Rafiki yangu wa Mombasa naye anaandika ya kwake kwa Python. Tunataka zichezeane, na tumekubaliana kuiga UCI: mistari ya maandishi, hakuna kukumbuka, hali nzima kila zamu. Upande mmoja mwanzoni mwa mchezo unaandikwa hivi, safu ya mbele, safu ya nyuma, kete za mkononi, na herufi ya kusema nyumba bado ni nyumba:

0-0-0-0-6-2-2-0/0-0-0-0-0-0-0-0 22 N

Bila hiyo N mambo yanaharibika, kwa sababu ukitazama ubao tu huwezi kujua kama nyumba imeshachezwa au la. Ni tatizo lile lile la sare ya kurudiarudia, kwa sura ya kwetu.

Hatua tumeiandika kama shimo na upande: 6K ni shimo la sita kuelekea kulia. Kilichotukwamisha wiki mbili ni safari. Katika namua, ukila na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako, una hiari ya kulala hapo au kusafiri na nyumba. Yaani katikati ya hatua moja mchezaji anaulizwa swali! Rafiki yangu alitaka dirisha lisimame na kuiuliza injini. Mimi nikasema hapana, injini inajua tangu mwanzo kete zitaangukia wapi, na nyumba ikishasafiri si nyumba tena, kwa hiyo swali haliwezi kuulizwa mara mbili katika zamu moja. Herufi moja mwishoni inatosha: 6Ks anasafiri, 6K analala. Amekubali, kwa shingo upande.

Ambacho hatujakubaliana bado ni kuhesabu mashimo. Yeye anahesabu kutoka kushoto kwa kila mchezaji, kama wanavyokaa wachezaji wenyewe wakitazamana, hivyo shimo la 1 langu linatazamana na la 8 lake. Mimi nataka namba moja kwa ubao mzima, kama sataranji. Juzi tulichezesha mechi ya kwanza. Injini zote mbili zilijibu papo hapo, hakuna ndoo iliyokwama, na kufikia hatua ya tatu zilikuwa zikicheza kwenye mbao mbili tofauti. Wenye kucheza Bao kila siku, hasa kule Lamu na Pemba, mwanisaidie: mkimweleza mtu kwa simu hatua uliyocheza, mnalitajaje shimo?